Mkufunzi wa Siku Mbili

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeanza kazi. Meza yangu iko kati ya stoo ya mifagio na dirisha linalotazama Ghala Namba Mbili. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba mabati ya ghala yalikuwa yanalia yenyewe, ta, ta, na mimi nilishtuka kila mara kama mtu aliyeitwa.

Kwa miaka mitatu nimekuwa mkufunzi wa kujitegemea. Mradi ukiniita Mbinga, naenda Mbinga. Ukiniita Tunduru, naenda Tunduru. Siku mbili za semina, vyeti, picha ya pamoja, narudi nyumbani Bombambili kwa mama mdogo Ida kusubiri simu nyingine. Mwaka huu simu imekaa kimya tangu Pasaka. Kampuni hii ya maghala ya nafaka ilipotangaza inatafuta karani wa mafunzo, mtu wa kukaa hapa hapa na kufundisha wafanyakazi wale wale mwaka mzima, niliiogopa kazi hiyo na kuitaka kwa sababu moja. Sijawahi kuona kinachotokea siku ya tatu, mkufunzi akishaondoka.

Meneja, Bwana Rupert, ni mpole, lakini huzungumza huku akitazama funguo zake. Alisema niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Februari, nimwonyeshe kwamba watu wake wanajua kazi. Nikamuuliza atajuaje kwamba wanajua.

"Wewe ndiye utakayeniambia," alisema.

Nilimwamkia pia Mzee Pankrasi, msimamizi wa maghala, ambaye yupo hapa tangu kampuni ilipokuwa na ghala moja. Nilisema shikamoo. Akajibu, "Marahaba, mgeni."

Jumanne, 5 Novemba

Nimepanga kabati. Hakuna aliyekuja mezani kwangu isipokuwa waliotaka mfagio.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemaliza somo langu la kwanza, siku mbili, juu ya kupanga magunia: yakae juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu, yasiguse ukuta. Nimefundisha somo hili mara nyingi hata naweza kulisema nikiwa usingizini.

Kwanza kulikuwa na suala la soda. Wafanyakazi walikaa wakitazama mlango, na mwishowe Mzee Pankrasi akauliza kwa heshima kama soda zinakuja kabla au baada ya mada ya pili. Nikaeleza kwamba haya ni mafunzo ya ndani, ni saa za kazi, hakuna soda wala posho. Halafu kijana mmoja mbebaji, Muhsini, mtu wa Nakapanya, akasema, "Basi hii ni semina ya Kwaresima," na ukumbi wote ukacheka. Mimi pia nilicheka, nikijiuliza kama nimecheka mapema mno.

Mwishoni niliuliza, kama ninavyouliza siku zote, "Tumeelewa?"

"Tumeelewa!"

Walijibu kwa sauti moja. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya tatu. Leo nimeiona kwa macho yangu.

Niliingia Ghala Namba Moja baada ya chai. Magunia yalikuwa yameegemea ukuta, yamejibana kama abiria waliokimbia mvua. Chaga zilikuwa zimesimamishwa kwenye kona, na juu ya moja wameanika shati. Nilitafuta maneno ambayo mtu wa umri wangu anaweza kumwambia mtu wa umri wa Mzee Pankrasi. Sikuyapata. Nikasema tu kwamba nilidhani jana tulielewana.

"Tulielewana sana, mgeni," alisema, na hakuwa ananidhihaki. "Somo lilikuwa zuri."

Nimewafundisha watu wa wilaya ngapi? Wote waliniambia wameelewa. Sasa nataka kujua neno hilo huwa lina nini ndani yake.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilimweleza mama mdogo. Alikuwa akikoroga unga wa vitumbua, hakunitazama. Aliniuliza mgeni akikupikia chakula na kukuuliza kama ni kitamu, unamjibu nini. Nikasema, lakini mimi si mgeni, nimeajiriwa.

"Mgeni siku mbili," alisema mama mdogo. "Wewe wamekupa jembe?"

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya kwanza. Baada ya misa watu walisimama nje wakanyeshewa makusudi. Kuanzia kesho kila mtu atazungumzia mbegu na mbolea.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo nimefurahi, na ninaandika upesi kabla hofu haijarudi.

Somo lilikuwa juu ya kufukiza dawa ya dumuzi. Vidonge vinawekwa kati ya magunia, turubai linafunikwa, ghala linafungwa, na gesi inayotoka inaua wadudu. Inaua na watu. Nilitaka wasilisahau. Nikakumbuka mbinu yangu ya zamani, kwamba mtu hukumbuka zaidi alichonusa kuliko alichosoma ukutani. Mwongozo wa dawa unasema gesi hiyo ina harufu kama ya kitunguu saumu, basi nikachukua vitunguu saumu jikoni kwa mama mdogo, nikaviponda na kuvipitisha kwenye sahani, pua kwa pua.

"Dada Noela," alisema Muhsini, "umenifundisha njaa. Sasa nataka pilau."

Nilisema pia, na nina hakika nilisema, kwamba mlango haufunguliwi mpaka kipimo cha gesi kionyeshe kuwa ndani ni salama. Niliazima kipimo kwa Meneja, nikawaonyesha, nikakirudisha kabatini kwake. Yeye hukifungia huko kwa sababu ni cha gharama na anaogopa kitaangushwa.

Meneja alikaa nyuma dakika chache. Alipotoka alinipungia mkono. "Tumeelewa!" walisema wote, na leo niliamini.

Jumanne, 24 Desemba

Tumefunga mapema. Mama mdogo amechinja kuku wawili.

Jumatano, 15 Januari

Mvua kila siku. Ghala Namba Mbili lilifukizwa jana, limefungwa, na alama ya fuvu iko mlangoni. Wakipita hapo watu husema "pilau bado haijaiva." Nimesikia hivyo mara kadhaa. Nafurahi kwamba somo langu limekuwa utani wao.

Jumamosi, 18 Januari

Nataka kuandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Jumamosi tunafanya kazi nusu siku. Meneja alikuwa amesafiri kwenda Makambako na funguo zake. Kabla ya adhuhuri upepo ukaja pamoja na mvua, na nikiwa dirishani nikaona bati la kona ya Ghala Namba Mbili linanyanyuka, linashuka, linanyanyuka tena. Maji yalikuwa yanaingia ndani. Mahindi yale ni ya wakulima, yamewekwa yasubiri bei nzuri, na gunia likilowa ndani ya joto huoza.

Mzee Pankrasi na Muhsini walikimbia hadi mlango mdogo wa ghala. Niliwaona wameinama wote wawili penye upenyo wa mlango. Nikadhani wanachungulia. Kisha Mzee akasema jambo na kwenda upande wa nyuma, bila shaka kutafuta ngazi. Muhsini akabandua ile karatasi ya gundi iliyozungushiwa mlango, akachukua turubai begani, akaingia.

Nilikuwa nimesimama. Nilijua, na bado nilisimama. Nilijiambia Mzee yupo, Mzee anajua, mimi ni nani nimpigie kelele mtu ninayemwamkia kila asubuhi. Sijui nilisimama kwa muda gani. Halafu nikatoka mbio kwenye mvua bila viatu, kwa kuwa kimoja kilibaki kwenye tope na kingine nikakitupa.

Nilipofika Muhsini alikuwa ametoka mwenyewe, ameshika fremu ya mlango. Alitapika. Alisema kifua kimembana kama amefungwa kamba. Mzee Pankrasi alikuja, akaufunga mlango kwa mgongo wake, akabaki ameuegemea, uso wake umebadilika rangi. Nikasimamisha bajaji. Njiani Muhsini alikuwa anasema "Lahaula, lahaula," taratibu, na mimi nilikuwa namwambia avute hewa, kana kwamba ni jambo la kufundishwa.

Hospitali wamemlaza. Daktari anasema alitoka mapema, lakini watamwangalia mapafu na moyo. Mkewe, Shakila, alikuja na mtoto mgongoni. Hakuniuliza chochote. Afadhali angeniuliza.

Jumatatu, 20 Januari

Nilikwenda kumwona Muhsini baada ya kazi. Anaongea, anachoka upesi. Tangu Jumamosi nilikuwa na swali moja, na halikuwa la kumlaumu. Nilitaka kujua tu. Alikuwepo kwenye somo. Alitania juu ya somo. Alama ya fuvu ilikuwa mbele ya macho yake. Sasa aliingiaje?

Alinitazama kama mwanafunzi aliyefanya hesabu sawasawa na bado akapewa kosa.

"Nilinusa, dada," alisema. "Nilinusa kama ulivyotufundisha. Hakikunuka kitunguu saumu. Nikajua imekwisha."

Nilikaa. Kumbe somo lilimwingia. Nilisema mambo mengi siku ile, kipimo, alama, siku za kusubiri, lakini kilichoingia kwa kweli ni kile kilichopita puani. Na usiku wa jana nilikuwa nimeusoma mwongozo upya, ukurasa unaofuata ule niliotumia: gesi inaweza kuwepo bila harufu yoyote, na pua isitegemewe. Sikuwaambia hilo.

Kisha nikakumbuka migongo miwili iliyoinama mlangoni. Hawakuwa wanachungulia.

"Ulinusa peke yako?" nilimuuliza.

Aligeukia ukutani. "Mimi ndiye niliyeingia, dada."

Jumanne, 21 Januari

Meneja amerudi. Aliniita ofisini, akafunga mlango. Anatakiwa kupeleka maelezo makao makuu, na yeye ameshayapanga: mfanyakazi alifundishwa, alama ilikuwepo, akakaidi. Muhsini ataachishwa kazi atakapotoka hospitali. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayeziba bati linalovuja.

"Wewe ndiye shahidi kwamba alifundishwa," alisema. "Uthibitishe hilo tu. Na mwezi ujao tutazungumza mambo yako."

Nikasema nahitaji kufikiri. Alishangaa, maana lililosemwa halikuwa la uongo. Ni kweli alifundishwa.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Sikula.

Alhamisi, 23 Januari

Subira amepiga simu. Tulikuwa tukifundisha pamoja miradi ya Tunduru. Kuna semina Mbinga, siku mbili, wanatafuta mtu wa pili, halafu huenda nyingine Nyasa. Alisema, "Njoo urudi barabarani, huko ghalani unakauka kama samaki." Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ningeweza kwenda. Ningefundisha, wangesema tumeelewa, na ningeondoka kabla ya siku ya tatu. Nilimwambia nitampigia Jumatatu.

Jumamosi, 25 Januari

Muhsini amekodi shamba njia ya Namtumbo, na mahindi yake yamefika magotini huku magugu yakiyazidi. Shakila hawezi peke yake, na asiyepalilia wiki hizi havuni. Jana jioni watu wa ghalani walipatana kwenda kulipalilia. Sikuambiwa. Nilisikia wakipatana, nikaja asubuhi bila kualikwa, nikasimama kwenye ukingo wa shamba na mabuti yangu mapya, nisijue pa kuweka mikono.

Mzee Pankrasi ndiye aliyeniona. Alitembea hadi kwenye baiskeli yake, akafungua jembe, akanipa.

Nilipalilia vibaya. Nilikata mche wa mahindi, wakaniambia nimeua mtoto wa watu. Nilikifukia kisiki chake kwa udongo, wakacheka hadi wakashika viuno. Lakini kwenye mistari ile, migongo imeinama, watu walianza kusema mambo ambayo hawakuwahi kusema ukumbini. Mmoja alisema chaga zile haziwezi kutumika kwa sababu zimekatwa fupi, gunia likikaa linapinduka, ndiyo maana wanaegemeza ukutani. Mwingine alisema maandishi yangu ya ukutani hayasomeki kutoka nyuma. Wa tatu alisema naongea upesi kama natoroka. Na kuhusu Muhsini walisema wote, kwa namna yake kila mmoja, kwamba hata wao wangeingia. Kitunguu saumu hakikunuka.

Niliuliza kwa nini hawakuniambia hayo mapema.

"Ungejisikiaje?" aliuliza yule wa chaga, na nikaona anashangaa kweli.

Mchana Shakila alileta togwa kwenye ndoo. Tulikunywa kwa zamu, kikombe kimoja. Mzee Pankrasi hakuja. Alikuwa peke yake mstari wa mwisho, analima kama anayedaiwa. Miezi yote hii nilimwona kama ukuta. Leo niliutazama mgongo ule na kufikiri kwamba anaogopa kama mimi. Kustaafu kwake ni mwakani.

Viganja vyangu vimetoka malengelenge.

Jumatatu, 27 Januari

Nilimpigia Subira kwanza kumkatalia, ili nisibaki na njia ya kukimbilia. Kisha nikaenda kwa Meneja.

Nilikuwa nimeyakariri maneno, yakanipotea yote. Nikasema Muhsini hakukaidi, alitii. Alifanya kile ambacho somo langu lilimfundisha kuliko vyote. Nikamwonyesha ukurasa ule wa mwongozo. Nikasema kama lazima aandike kwamba kuna aliyekosea, jina langu lianze.

Alizungusha funguo kidoleni kwa muda.

"Na Mzee Pankrasi alikuwa wapi?"

"Utamuuliza mwenyewe, Meneja. Mimi nazungumzia somo langu."

Nje mvua ilikuwa imepungua, matone yakidondoka moja moja. Mwishowe akasema nirudie somo mbele ya wafanyakazi wote, naye atakaa asikilize mwanzo hadi mwisho. Suala la Muhsini litaamuliwa baada ya hapo. "Na wewe pia," aliongeza.

Sikulia mpaka nilipofika kwenye stoo ya mifagio.

Jumatano, 5 Februari

Sikwenda ukumbini. Niliwasimamisha mlangoni pa Ghala Namba Mbili, pale pale, limeshafunguliwa na kupitishwa hewa. Sikuwa na projekta wala sahani. Meneja alisimama nyuma, mikono kifuani.

Nilisema niliwaletea kitunguu saumu na kuwafundisha kuamini pua, na pua si ya kuaminiwa. Gesi inaweza kuwepo nawe usinuse kitu. Nilisema polepole, kwa kuwa niliambiwa naongea kama natoroka. Nikaeleza kipimo, nikakipitisha mikononi. Kisha, ingawa nilikuwa nimejiapiza nisiulize, mdomo wangu ukauliza wenyewe, "Tumeelewa?"

"Tumeelewa!"

Meneja aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akageuka aondoke. Niliona yote yamerudi mwanzo. Ilikuwa sauti ile ile, adabu ile ile, na mimi ni mgeni yule yule.

"Mimi sijaelewa," alisema Mzee Pankrasi.

Alikuwa amevua kofia. Watu walimtazama, kisha wakatazama chini, kwa sababu si adabu kumtazama mzee akisema hivyo mbele ya vijana.

"Siku ile nilinusa mimi kwanza," alisema. "Nikamwambia Muhsini, hakuna kitu, ingia, nakwenda kuleta ngazi. Hilo liko kifuani kwangu. Sasa nauliza. Bati limefunguka, mahindi ya watu yanalowa, kipimo kiko kabatini kwa Meneja, na Meneja yuko Makambako. Mimi nafanya nini?"

Swali hilo halikuwemo kwenye semina yoyote niliyowahi kufundisha.

"Sijui, Mzee," nilisema.

Basi tukageuka, mimi na yeye na wote waliokuwepo, tukamtazama mwenye funguo.

Hakukasirika. Uso wake ulionyesha kwamba hata kwake swali lile ni jipya. Kisha akaanza kuhangaika na pete ya funguo, ambayo ilikuwa imekaza, akautoa ufunguo wa kabati kwa kucha, akampa Mzee Pankrasi. Akasema kwamba mahindi yakilowa yalowe, ghala lililofukizwa asiingie mtu bila kipimo, na yeye ndiye atakayewajibu wakulima. Halafu mtu mwingine akasema naye hajaelewa kipimo kinasomwaje. Na mwingine. Tulikaa pale mlangoni mpaka saa ya chakula ikapita, na hakuna aliyeuliza habari ya soda.

Jumatatu, 17 Februari

Muhsini amerudi kazini. Kwa sasa anashona magunia, habebi. Ameniuliza lini nitafundisha somo la pilau yenyewe.

Ijumaa, 28 Februari

Barua yangu imetoka. Ninabaki.

Jana na leo tumekuwa na semina. Mradi fulani umemleta mkufunzi kutoka mbali kutufundisha kutunza ufuta. Ni kijana nadhifu, ana projekta nzuri, na kulikuwa na soda. Nilikaa mstari wa tatu, kati ya Muhsini na Mzee Pankrasi. Alisema mambo mengi kwa haraka, akatutazama kwa matumaini, nami niliyajua matumaini yale, akauliza, "Tumeelewa?"

"Tumeelewa!" tulijibu, na sauti yangu ilikuwa ndani yake, kubwa kabisa.

Alifurahi. Akatupanga kwa picha ya pamoja.

"Umeelewa nini?" Mzee Pankrasi aliniuliza chini chini, huku anaitazama kamera.

"Sijaelewa, Mzee. Nawe?"

"Mimi pia." Akavaa kofia yake vizuri. "Kesho uje mapema. Tutaulizana."